Muhogo wa Mahabusu

Juzi kwenye televisheni walimhoji mzee mmoja wa Kihindi kuhusu maisha yake ya kriketi ya kulipwa huko ng'ambo. Nilimtambua kwa masikio yake yaliyochomoza, na papo hapo nikasikia harufu ya majani yaliyofyekwa pale Kasese.

Alasiri moja ya utotoni mwangu mama alinituma nimpelekee baba, polisi aliyekuwa akilinda uwanja wa kriketi, muhogo wa kuchemsha. Nikamkuta kijana mwenye masikio hayo akiingia na gongo la kupigia mpira, nguo nyeupe pe. Mpira wake wa kwanza ukampita, ukaangusha vijiti nyuma yake, ko! Mzee mwenye kofia akainua kidole kimoja, na kijana akatoka ameinamisha kichwa, akaenda kuketi peke yake kivulini.

Mimi mtoto wa kambi ya polisi, nisiyejua kriketi wala mwamuzi wake, sikuhitaji kuelezwa. Kidole cha mkubwa ni adhabu. Na kwetu kambini, askari akitiwa mahabusu, akina mama humpelekea chakula bila kuuliza kosa.

Basi nikampelekea muhogo wa baba.

"Kula, afande. Ule mzee ya kofia amekufunga siku ngapi?"

Alinikodolea macho, kisha akaangua kicheko.

"Mpaka wenzangu yote itoke, mama," alisema, akamega muhogo.

Baba alishinda na njaa, akanuna hadi jioni.

Juzi, kwenye televisheni, mtangazaji alikuwa akimuuliza mzee yule malipo yake ya kwanza katika kriketi yalikuwa nini. Akatabasamu.

"Muhogo," alisema. "Na mpira sikuwa nimeugusa."