Mkuki Niliouvuka

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kule Kirewa, Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, mkuki wa nyumba yetu ulikuwa na masharti yake, na mengi ya masharti hayo yalituhusu sisi wa kike. Wanaume waliambiwa wasimwazime mtu, basi. Sisi tuliambiwa tusiuguse bila kutumwa, tusiupite mbele ukiwa umenolewa, na zaidi ya yote tusipitishe mguu juu yake. Bibi, mama yake baba, alitueleza sababu kwa sauti ileile aliyotumia kutukataza kuchezea chumvi.

"Mkuki ukivukwa na mwanamke unasahau wa nyumbani ni nani," alisema. "Ukiuvuka kwa bahati mbaya, rudi palepale kinyumenyume kabla hujafanya jambo lingine."

Kwa muda mrefu onyo hilo halikuwa na kazi, maana mkuki wenyewe ulichomekwa kwenye nyasi za paa juu ya mlango wa Bibi, umejaa masizi. Kisha wezi wa ng'ombe wakaanza kuingia. Sisi tulisema wanatoka Kenya. Upande wa Kenya, nilikuja kusikia nikiwa mtu mzima, walisema wanatoka kwetu. Walikuwa na mapanga, na jirani yetu mmoja alikatwa mkono akishikilia kamba ya ndama. Mwenyekiti wa kijiji akapita nyumba kwa nyumba. Polisi wako mbali, alisema, kila mwanamume awe na mkuki au upinde, nduru ikipigwa wote watoke, na ukimwona mtu muulize jina kabla hujarusha. Baba akauteremsha mkuki, akausugua kwa mchanga mpaka ukang'aa, akahamia kulala jikoni kwa sababu jiko ndilo lililokuwa karibu na zizi. Usiku aliulaza sakafuni, mlangoni, ili mkono wake uupate gizani.

Baba mdogo Odoi, mdogo wake baba, hakuwa na mkuki. Alikuwa na baiskeli. Aliitumia kuleta sukari, sabuni na mafuta ya taa kutoka Busia ya upande wa Kenya kwa njia za panya, na alikuwa akirudi nyumbani siku yoyote, saa yoyote, kwa njia yoyote isiyokuwa na askari. Mke wake, Nafula, alikuwa Msamia wa upande wa Kenya, ameolewa mwaka mmoja tu. Alicheka kwa sauti kubwa na alipika samaki vizuri kuliko Bibi, kosa ambalo Bibi hakulisamehe. Mimi nilimpenda. Alinisuka nywele bila kunivuta, na hilo kwa mtoto si jambo dogo.

Sasa nije kwenye fenesi. Nyuma ya migomba yetu kulikuwa na mfenesi, na juu yake fenesi moja lililoiva mpaka harufu yake ilifika shuleni. Nilikuwa nimekatazwa kupanda. Adhuhuri moja baba alikwenda Rubongi, Bibi alikuwa amesinzia, na mkuki ulikuwa umeegemezwa ukutani jikoni. Niliuchukua. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nikasimama chini ya mti, nikachoma kikonyo, nikachoma tena, mpaka fenesi likaanguka na kupasuka kidogo ubavuni. Nikautupa mkuki kwenye majani, nikalikimbilia.

Miguu yote miwili ilipita. Nilijua pale pale, hata kabla sijainama. Nikageuka nirudi kinyumenyume kama tulivyofundishwa, lakini nikasikia mtu akikohoa kwenye mihogo, na hofu ya kukamatwa nikiwa na fenesi ikashinda hofu nyingine yoyote. Nikaufuta mkuki kwa gauni, nikaurudisha ukutani kwa kuzunguka kule mbali. Fenesi nililificha chini ya majani makavu ya migomba, na baada ya hapo sikuwa na hamu ya kulila.

Siku tatu zilipita, nami kila jioni nilisema moyoni kwamba kesho nitakwenda kuuvuka kinyumenyume. Jioni ya tatu mvua ilikuwa imefunga upande wa Tororo na giza likaja mapema. Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa jiko, nachambua maharage. Baba alikuwa zizini, mkuki mkononi, maana kijiji cha pili walikuwa wamepiga nduru mchana. Ng'ombe mmoja akainua kichwa. Mihogo ikatikisika, si kwa upepo. Kukatokea kitu cheusi chenye nundu kubwa mgongoni, kinakuja kwa kuinama, bila taa, bila neno. Baba alipiga hatua mbili, akarusha.

Nilisikia chuma cha baiskeli kikigonga jiwe. Kisha sauti ninayoijua ikasema, taratibu kabisa, "Kaka, ni mimi."

Nundu ile ilikuwa gunia la sukari lililofunikwa kwa karatasi ya nailoni. Askari walikuwa barabarani, kwa hiyo Odoi alikuwa amekata katikati ya mihogo. Mkuki ulikuwa umemwingia pajani. Baba alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya, njia nzima akilia, na huyo ni mtu ambaye hakulia hata alipomzika babu. Usiku ule sikulia mimi. Nilikaa nimeukunja mguu wangu wa kulia chini ya gauni, ule uliotangulia, nikiuonea kinyaa.

Walimshona, wakamchoma sindano, akarudishwa nyumbani. Lakini kidonda kilikataa. Baada ya wiki mbili kilikuwa kimevimba na kinanuka, na Bibi akasema sindano ni sindano, lakini kuna mtu aliuvuka mkuki huu, na asiposema, mguu utaoza. Akaleta beseni la maji, akauzamisha mkuki ndani yake. Maji hayo yangeosha kidonda. Kila mwanamke wa nyumba alipaswa kuingiza mkono, aushike mkuki, aseme kama aliuvuka au hakuuvuka. Wazee wawili wa ukoo walikaa kwenye viti, kusikiliza. Mimi sikuitwa. Walioitwa ni walioolewa, na Bibi mwenyewe. Mtoto, walisema, hana uzito.

Bibi alisema hakuvuka. Mama alisema hakuvuka. Nilisimama nyuma ya nguzo, nikijiambia nikihesabu mpaka kumi nitasema. Nilipofika saba, Nafula aliingiza mkono kwenye beseni.

"Ni mimi," alisema. "Niliuvuka. Mwosheni kidonda."

Walimwosha. Baada ya siku chache uvimbe ukapungua. Siku hizi mtu ataniambia ni zile dawa alizoongezewa kituoni, nami nitakubali, lakini mtoto aliyesimama nyuma ya nguzo hakuona dawa, aliona maji. Kukiri kungetosha, ndivyo desturi ilivyosema: unachinja kuku, mambo yanaisha. Wazee hawakuridhika. Mwanamke aliyegeuza mkuki wa nyumba, walisema, hawezi kulala ndani ya nyumba hiyo. Odoi alilala akiutazama ukuta. Nafula aliondoka asubuhi na mkeka wake na mfuko mmoja. Alinishika kichwa alipopita, akaniambia nywele zangu zimefumuka, nimwambie mama anisuke. Nilimwangalia mpaka akapotea kwenye mihogo ileile. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimefukuza mtu.

Hayo nimeishi nayo. Nimesoma, nimeolewa, nimeachika, nimejenga kibanda changu Busia, upande wetu wa Uganda, ninakoishi na binti yangu, na kazi yangu ni ukarani katika ofisi ndogo ya kutoa mizigo forodhani. Kila siku navuka mpaka na makaratasi, na kila siku, kwa miaka mingi, nilipita nikiwatazama akina mama wa soko la upande wa pili, nikimtafuta mtu na kuomba nisimwone.

Mwaka jana nilimwona. Alikuwa nyuma ya rundo la dagaa, amenenepa, kicheko ni kilekile. Nilisimama mbele yake na nusu ya maneno niliyoyatunga ikanipotea.

"Wewe si ni Akoth?" aliuliza. "Wa kule Kirewa? Kichwa yako bado kubwa."

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, mteja mmoja akisubiri kando. Fenesi, mkuki, miguu, nguzo. Aliendelea kumpimia mteja dagaa. Alipomaliza alinivutia kigoda.

"Fenesi niliona," alisema. "Ni mimi nilikuwa nakohoa. Nikangoja unigawie, wapi."

"Sasa mama mdogo, kama uliniona, kwa nini ulisema ni wewe?"

"Kwani nilidanganya? Hiyo mkuki ilikuwa inalala kwa mlango ya jiko. Nani alikuwa anaingia kuwasha moto kabla jua? Mimi. Mama yako. Nyanya yako ndiye alikuwa wa kwanza. Kila asubuhi tunavuka, tunavuta nguo juu tunavuka, halafu kwa beseni wanasema hapana. Mimi nilikuwa na bwana anaoza mguu. Ningesema nini?"

Nilianza kulia, sokoni, mtu mzima na makaratasi ya forodha mapajani. Nilimwambia nimebeba mguu wangu miaka yote hii. Aliniacha nilie kidogo, kisha akaniuliza jambo ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote.

"Wewe ulikuwa kwa mlango hiyo jioni. Baba yako aliita? Aliuliza ni nani?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikaona nilikuwa na jibu, na kwamba nilikuwa nalo tangu siku ile. Baba alipiga hatua mbili, akarusha. Hapakuwa na neno katikati. Wanawake waliitwa kwenye beseni, miguu yao ikahesabiwa mmoja mmoja, na hakuna hata mzee mmoja aliyegeuka kumuuliza mwanamume aliyeushika mkuki. Mimi nilidhani siri yangu ni fenesi.

Nafula alisoma uso wangu. "Haya," alisema, akanifungia dagaa kwenye gazeti. "Chukua. Hii ni ya mtoto wako."

Miezi michache baadaye wezi wa mapanga walianza tena, safari hii mjini, mtaa wa nyuma yetu. Jumamosi moja asubuhi baba alishuka kwenye bodaboda mlangoni kwangu, mzee sasa, magoti yanamsumbua, amevaa koti lake la kanisani na amekumbatia kitu kirefu kilichozungushiwa gunia. Nilikijua kabla hajakifungua. Odoi angetaka kubaki nao, alisema, lakini anachechemea, hawezi kurusha, na nyumba ya wanawake peke yao haiwezi kulala bila kitu. Kisha akamgeukia binti yangu, aliyekuwa ameketi na daftari lake la hesabu.

"Huu utachomekwa juu ya mlango," alimwambia. "Mama yako akiushika ni kwa kukosa jinsi. Lakini wewe usiuvuke. Ukiuvuka unasahau wa nyumbani ni nani."

Niliona binti yangu akiivuta miguu yake chini ya kiti. Ana miaka kumi. Sitasema nilifikiri, maana sikufikiri. Niliuchukua mkuki mikononi mwa baba, nikaulaza sakafuni katikati ya chumba, nikainua gauni kidogo, nikauvuka.  Nilisubiri upande wa pili, na sikurudi kinyumenyume.

"Akoth," baba alisema. "Umefanya nini?"

"Nimeuvuka, Baba. Niliuvuka hata nikiwa mdogo kuliko huyu, siku tatu kabla ya Baba mdogo kuumia. Bibi aliuvuka, Mama aliuvuka, Nafula aliuvuka, ameniambia mwenyewe pale anapouza dagaa, soko la ng'ambo. Sasa naomba nikuulize, na usinikasirikie. Jioni ile, uliita?"

Nilikuwa nimemwekea chai mezani. Chai ilipoa. Mkuki ulikuwa katikati yetu sakafuni na hakuna aliyeinama kuuokota. Nilijuta, kusema kweli. Alikuwa mzee, alikuwa amesafiri njia nzima na uzito ule ili mimi na mtoto wangu tusiuawe, na hivi ndivyo nilivyompokea.

"Nilikuwa naogopa," alisema mwishowe. Alikuwa akiutazama mkuki, hakunitazama mimi. "Mdomo ulikauka. Nilitaka kuita, nikaona nikiita atanijua nilipo." Akavuta kikombe karibu. "Mama yangu alipoleta lile beseni, nilimshukuru Mungu."

Binti yangu alinitazama, kisha babu yake, kisha akarudi kwenye hesabu zake, au akajifanya.

 Sikumhurumia baba kama nilivyodhani ningemhurumia, wala sikumchukia. Nilifikiria jinsi mtu mmoja alivyoogopa kufungua mdomo zizini, na mwingine nyuma ya nguzo, na jinsi yule ambaye hakuogopa alivyoondoka na mkeka wake.

Baba alikunywa chai ile ikiwa baridi, akaimaliza yote. Akasimama kwa kushikilia meza, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja mpaka cha juu. Ili afike mlangoni alilazimika kuupita mkuki, akauzunguka, kwa mazoea, kisha akasimama akinisubiri.

"Huyo mama wa dagaa," aliuliza, "anauzia upande gani wa soko?"