Ungekuja Mwenyewe

Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuwaambia watu programu imefikia wapi. Ni programu ya simu inayomkumbusha mfugaji siku ya kuchanja kuku. Tunaitengeneza wachache kwa kujitolea, tena ni huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuichungulia na kuirekebisha. Hakuna aliyewahi kuichungulia. Hata taarifa zangu wafugaji hawakuzisoma.

Kila Ijumaa, nikiwa nyumbani Mwankoko, pembeni mwa mji, niliandika kwenye grupu la wafugaji wa kijiji cha Sepuka. Nilianza kiungwana: salamu, kisha kazi inaendelea vizuri, halafu ila, ndipo nitaje tatizo. Maana kwetu hata mfiwa akiulizwa habari hujibu nzuri kwanza. Nilijibiwa kwa vidole gumba na "amina". Amina ya nini, sikuelewa.

Kisha toleo jipya likaharibu kengele ya chanjo. Niliandika siku hiyo hiyo: salama, kazi inaendelea vizuri, ila kengele hailii, kumbukeni wenyewe siku ya kuchanja mpaka tutengeneze. Vidole gumba vikamiminika, nami nikaridhika.

Kideri, ugonjwa unaofyeka kuku, kilipoingia kilimaliza banda la mwenyekiti wao, mama mtu mzima aliyeikubali programu yetu kabla ya wote. Nilimfuata Sepuka nikamkuta anafukia mizoga. Baada ya shikamoo nilishindwa kujizuia, nikamuuliza kama hakuiona taarifa.

"Niliiona, mwanangu. Ulisema nzuri."

"Na niliposema ila?"

"Ila ziko kila siku. Jambo kubwa halitumwi kwenye simu. Ungekuja mwenyewe, ningejua kuna jambo."

Nilirudi nimefura. Nimeandika Kiswahili ambacho mtoto wa darasa la tatu angekielewa, halafu kosa liwe langu kwa kuwa sikupanda pikipiki? Wenzangu wa programu nao wakashauri eti niandike kwa herufi kubwa. Sikuwajibu, maana ningewatukana.

Mama alianza upya na matetea machache aliyopewa na majirani. Hawajakaa sana, kengele ikaharibika tena. Safari hii sikuandika neno. Nilinunua chanjo mjini, nikaiweka na barafu kwenye chupa ya chai, nikakodi bodaboda hadi Sepuka. Vumbi lilinijaa mpaka masikioni. Mama aliponiona naingia uani aliweka beseni chini, akajifunga khanga kiunoni.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Kengele ya chanjo imeharibika."

Majirani walikuwa wameshaanza kuingia, nao wamejifunga khanga. Kwa mara ya kwanza taarifa yangu ilisikilizwa mpaka mwisho, kisha kila mmoja akaenda kukamata kuku wake. Mama alimdondoshea tetea wake wa kwanza tone jichoni, akainua uso, akanitazama nilivyojaa vumbi.

"Na umetoka mjini kwa hilo tu? Si ungeandika kwenye grupu."

Nilimshikia tetea wa pili.