Sabuni Kidimbwini

Nilipohamishiwa Mpuguso kutoka Singida, maduka ya Tukuyu yalikuwa yameanza kujaa bidhaa tena. Sabuni ya unga, ambayo miaka michache nyuma tuliipangia foleni, sasa iliuzwa kila kona kwa vipaketi. Siku moja nilichukua kipaketi nikawapeleka wanafunzi wangu wa darasa la sita kwenye kidimbwi kilichokuwa chini ya mashamba ya chai, wakaone jinsi wadudu wenye miguu mirefu wanavyoteleza juu ya maji bila kuzama.

"Maji yana kama utando juu yake," niliwaambia. "Mdudu huyu ni mwepesi, na miguu yake ina vinyweleo visivyolowa. Ndiyo maana utando haupasuki. Sasa tazameni sabuni itafanya nini."

Nikanyunyiza kidogo. Wadudu wakatapatapa, wakazama mmoja baada ya mwingine. Watoto wakashangilia.

Mpini wa jembe ulinipata mkononi kabla sijageuka. Nilisikia mfupa ukivunjika. Aliyenipiga alikuwa mzee mwenye migomba jirani na pale.

"Kumbe ni wewe unayetia sumu!" alifoka. "Ng'ombe wangu wawili wamekufa!"

Josho la serikali la kuogeshea ng'ombe lilikuwa limefungwa, na kila mtu alijinunulia dawa ya kupe dukani, masalia akamwaga popote, hata kwenye maji waliyokunywa ng'ombe. Hayo niliyajua baadaye. Pale nilianguka matopeni, akanipiga tena mgongoni, na watoto wakaanza kumrushia mawe. Moja lilimpasua juu ya jicho. Akapiga magoti, damu ikimtiririka usoni, nao hawakuacha. Binti mpole kuliko wote darasani, aliyeona haya hata kujibu swali, alikuwa ameinua jiwe kwa mikono miwili juu ya kichwa cha yule mzee.

"Mwacheni! Mtamuua!"

Hawakunisikia. Nikajitupa juu ya mzee, jiwe likaniangukia begani. Hapo ndipo walipotulia.

"Ni sabuni, mzee," nilimwambia huku nikilia kwa maumivu. "Sabuni tu."

Mkono wangu uliunga ukiwa umepinda. Jicho lake halikuona tena. Mkewe alinifuata hospitalini na mkungu wa ndizi, akauweka chini, akaondoka. Mimi sikumshtaki mumewe, wala yeye hakuwashtaki watoto.

Muhula ulipokwisha niliomba uhamisho. Sikumwogopa yule mzee. Nilishindwa tu kuwapa mgongo wanafunzi wangu nikaandika ubaoni.