Sentimita Nne za Mfupa Mpya

Saa mbili asubuhi, Tobias Ogola anapanda ngazi za jengo moja la ghorofa tano mtaani Huruma, vidato viwili kwa mpigo. Anafuata ufunguo wa kibanda cha mita za maji kwa mlinzi anayeishi juu kabisa.

"Niaje, Baba Rispa! Leo unakimbizwa na nani?" anauliza Lydiah, mpangaji anayefua nguo barazani.

"Hakuna anayenikimbiza, mama. Napanda hivi kwa sababu naweza!"

Miaka miwili iliyopita asingeweza.

Ogola, 38, ni msoma mita. Mwaka 1989 aliteleza kwenye ngazi zenye maji akavunjika muundi wa kulia. Mfupa uliunga vibaya, mguu ukabaki mfupi kwa sentimita nne. Alitembea na kiatu chenye soli nene kama tofali, kiuno kikimuuma kila jioni. Mita mia moja na ishirini alizozoea kusoma kwa siku zikapungua hadi sitini.

"Msimamizi aliniambia waziwazi, 'Ogola, ukishindwa na ngazi, kazi hii nitampa mwingine.' Niliogopa sana."

Mapema mwaka 1994 alikutana na Daktari Magan, mpasuaji wa mifupa, aliyemwambia jambo alilodhani ni mzaha: mfupa ungekatwa, uvutwe polepole, na pengo lingejijaza lenyewe.

"Mfupa si jiwe," daktari anamweleza mwandishi huyu. "Ndani yake mna seli hai. Ukizivuta taratibu, zinahisi ule mvuto na kuanza kujenga. Ukivuta haraka, zinachanika. Ukiacha, zinadhani kazi imekwisha, zinafunga pengo kabla mguu haujafikia urefu wake."

Baada ya mfupa kukatwa, Ogola alitoka hospitalini akiwa na pete nne za chuma kuuzunguka mguu, zimeshikwa mfupani kwa nyaya nyembamba. Mkewe, Carolyne, alikabidhiwa spana namba kumi. Kila siku alikaza nati za pete hizo mara nne, zikiuvuta mfupa robo milimita kila mara.

"Niliishika spana kwa mikono miwili," anasema Carolyne. "Nilijiuliza, mimi ni mke au fundi wa magari?"

Wiki ya tatu maumivu yalizidi. Ogola akaificha spana chini ya godoro, na kwa siku mbili nati hazikuguswa. Carolyne alipoipata, hakupiga kelele.

"Baba Rispa," alimwambia, "hizo seli zinakungoja wewe. Utaziacha njiani?"

Alfajiri iliyofuata walikuwa kliniki. Daktari Magan aliwakemea, kisha akainua picha ya eksirei dhidi ya dirisha. Katikati ya pengo, pale palipokuwa patupu, palionekana kitu cheupe kama ukungu.

"Nikamuuliza, 'Hiyo ni nini?' Akasema, 'Huo ni mfupa wako mpya.' Nililia, jamani! Carolyne akapiga vigelegele hadi muuguzi akaja mbio!"

Nati hazikusimama tena hadi sentimita nne zilipotimia. Hapo safari iligeuka: daktari akamwamuru aukanyage mguu, pete zikiwa bado zimeufunga. Ule mfupa mchanga ulihitaji kuhisi uzito wa mwili ili ukomae. Ogola akawa anazunguka jengo lao kwa magongo, kila wiki akiongeza uzito, majirani wakihesabu mizunguko kwa sauti.

Pete zilitolewa Machi 1995. Mwezi wa sita alirudi kazini. Wiki iliyopita alisoma mita mia moja thelathini na moja kwa siku moja.

Siku hizi, kila Jumamosi huenda wodini kuwaonyesha wagonjwa makovu yake. Jumatatu ijayo Ndindi, mshonaji wa mtaa wa Kware ambaye mguu wake ni mfupi kwa sentimita tatu, atakazwa nati kwa mara ya kwanza. Ogola ameomba ruhusa kazini.

"Anaogopa, na ana haki," anasema. "Nitamshika mkono. Halafu siku ile ukungu utakapoonekana kwenye picha yake, nataka niwe wa kwanza kumwambia ni nini."