Mahari, Hata Padogo

Watu wa Pito hadi leo wananiuliza nilikuwa nayatoa wapi maneno ya kujaza karatasi kila Ijumaa, miaka minne mfululizo. Nawajibu kwamba nusu ya Ijumaa hizo sikuwa na neno lolote kichwani. Wanadhani natania. Mimi Fransiska si mtu wa utani, aliyepita darasani kwangu anajua.

Nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima. Mwaka wa tisini na mbili tukaambiwa fungu hakuna tena, nchi imeingia soko huria na kila mtu ajitafutie. Darasa letu likafungwa. Wanafunzi wangu, watu wenye wajukuu, wakabaki na herufi zao kichwani bila kitu cha kusoma, na herufi usipozitumia zinakutoka. Nilimwona kwa macho yangu mama mmoja aliyekuwa akisoma bila kukwama, baada ya misimu miwili tu ya mahindi, ameshika pakiti ya mbegu juu chini na anatingisha kichwa kama anaelewa. Iliniuma, sitaki kusema uongo.

Basi Eustace alipofungua mashine yake ya kusaga pale njia panda, nikamwomba ukuta. Wanawake walikuja na madebe yao, wakapanga foleni, wakakaa saa nzima hawana la kufanya isipokuwa kusengenya. Nikasema watasengenya huku wanasoma. Kila Ijumaa asubuhi nikabandika manila moja yenye herufi kubwa za maka peni, kwa gundi ya uji wa unga. Wakaiita Karatasi ya Ijumaa.

Mwanzoni maneno yalikuja yenyewe. Baadaye yakakauka, na shamba nalo lilinidai, na mama yangu alikuwa kitandani. Nikajifunza njia za mkato. Siku nikiwa sina kitu, namkamata mtu wa kwanza kwenye foleni, namuuliza swali moja, mathalani safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ipi, na jibu lake ndiyo karatasi. Au naandika jinsi ya kufanya jambo ambalo kila mtu analijua, kama kuhifadhi maharage kwa majivu, halafu watu wanagombana pale ukutani kwamba nimekosea, na wiki inayofuata nabandika ugomvi wao. Niliwahi pia kutoa karatasi ya mwaka juzi kabatini na kubadilisha tarehe tu. Hakuna aliyegundua, isipokuwa Kija, ambaye kusoma alikuwa hajajua bado ila aliitambua kwa macho.

Huyo Kija ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Alikuwa Msukuma, mke wa mzee Masalu. Walitoka kwao upande wa Shinyanga na ng'ombe wao, wakakaa kwanza bondeni, halafu wakapanda juu huku kwenye baridi yetu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, anayekuangalia mdomoni unapoongea. Hakuwahi kuingia darasani kwangu hata siku moja. Walikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume aliyebaki hai, Steven, na huyo alikosana na baba yake. Masalu alitaka alime na maksai, kijana akasema hawezi kuishi nyuma ya mikia ya ng'ombe. Asubuhi moja akaondoka kwenda kwenye dhahabu, Chunya, bila kuaga. Mwaka mzima ukapita bila neno.

Kabla sijafika kwenye barua, niseme na ubaya wangu. Nyumbani kwetu Kifipa hakina R. Bibi yangu mzaa mama mkoa wetu wa Rukwa aliuita Lukwa mpaka anaingia kaburini. Mimi masista walinitoa hiyo L kwa fimbo, na kwa kuwa niliipata R yangu kwa maumivu, sikumsamehe mtu. Wafipa wenzangu niliwasahihisha, Wasukuma ndiyo usiseme, maana wao L na R wanazibadilishana kama majirani wanavyoazimana chumvi. Mtu akinisalimia "habali za asubuhi" siitiki mpaka arudie. Hata nikisoma kwa sauti, ulimi wangu ulisahihisha wenyewe makosa ya mwandishi. Nilijiona hodari.

Barua ya Steven ililetwa na mtu aliyepitia posta mjini. Kija alinifuata nayo pale mashineni Ijumaa moja, mikono yangu imejaa gundi, upepo unanipokonya manila, na nyumbani mgonjwa hajanywa hata chai. Akasema kwa adabu, "Mwalimu, naomba nisomee." Nikajipangusa kwenye kanga, nikaisoma nimesimama, harakaharaka, ili nimalize. Ilikuwa fupi. Baba na mama shikamooni. Kazi ya huku nimeshindwa. Naomba baba anipe mahari, hata kidogo. Nikijibiwa nitakuja.

Hivyo ndivyo nilivyoisoma.

Kija akaniomba nirudie. Nikarudia vilevile. Jioni hiyo akaja na mumewe. Masalu alikuwa mtu wa haki, lakini mgumu, na yale maneno yalimchoma. Mtoto amekataa kuchunga ng'ombe, ameondoka kama mwizi, sasa anawataka ng'ombe walewale akaolee. Kija alijaribu kusema kwamba Steven hajaeleza msichana ni nani wala wa wapi, na kwamba hiyo si kawaida. Hakusikilizwa, na mimi sikumsaidia, nilikuwa nataka waondoke nikamgeuze mgonjwa. Masalu akaniambia niandike jibu. Nikaandika alivyotamka, kwa mwandiko wangu mzuri wa masista: Mahari hakuna. Tafuta mwenyewe. Kesho yake jibu likaondoka na basi la Mbeya.

Hakuja. Mwezi ukapita, na wa pili.

Ulipoingia wa tatu Kija akanijia nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akaifungua ile barua kutoka kwenye pindo la kanga. Alisema anataka kujifunza kusoma. Nikamuuliza kwa nini leo, wakati darasa lilikuwepo miaka yote ile na hakuja. Akasema anataka kumsikia mwanawe mwenyewe anavyoongea, si ninavyoongea mimi. Nilikasirika. Nilimwona mtu asiye na shukrani, lakini kazi yangu ni kufundisha, nikamfundisha.

Alikuwa na kichwa, yule mama. Alianzia kwenye Karatasi ya Ijumaa. Alikuja bila hata mahindi ya kusaga, akasimama mbele ya ukuta, kidole kikifuata neno kwa neno, midomo ikicheza. Vijana walimcheka, wakamwita Ofisa Elimu. Hakuwajali. Barua hakuigusa, alisema ataifungua siku atakayoisoma yote bila kuuliza. Mimi nilimkalia kooni na L na R zake. Nikamwambia mtu asiyezitenganisha hizo hajajua kusoma bado. Ndiyo, nilimwambia maneno hayo.

Ikaja wiki moja ya mwezi wa sita. Nilikuwa nimevuna peke yangu, mama amezidiwa, na Alhamisi jioni sina hata wazo moja la kesho. Nikachukua njia rahisi kuliko zote. Nikaandika maneno mawili mawili ambayo watu wetu wanayachanganya, na maana yake pembeni, basi. Kula, kutia chakula mdomoni. Kura, ya kuchagulia viongozi. Mahali, pa kukaa au pa kuweka kitu. Mahari, ya kuolea. Nilikwenda mpaka maneno kumi, karatasi ikajaa, nikalala. Naungama kwamba nusu yake niliandika kumchokoza Kija.

Asubuhi nilikuwa bado nabandika kona ya chini alipofika. Akasoma kimya kutoka juu. Alipofika katikati kidole kikasimama. Kikakaa hapo muda mrefu, watu wa foleni wakaanza kuangaliana. Halafu akafungua pindo la kanga, akatoa barua, na kwa mara ya kwanza akaisoma mwenyewe, pale ukutani, ameiinua sambamba na manila yangu, jicho huku, jicho kule. Akaja kwangu. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, hapa ulisoma kidogo," akasema. "Mimi naona P. Hapa pameandikwa nini?"

Nikaangalia. Pameandikwa padogo. Naomba baba anipe mahari, hata padogo.

Nikakaa chini kwenye vumbi la unga. Mwalimu wa lugha, miaka kumi na nane, nisiione hiyo pa. Mahari haiwi padogo hata siku moja. Padogo ni mahali. Kijana aliandika kama anavyotamka, kama wanavyotamka wote kwao, na neno la pili likasimama pale wazi kabisa kunieleza la kwanza, na ulimi wangu ukalisahihisha. Alikuwa anaomba pa kufikia. Kazi nimeshindwa, maana yake mwili umeshindwa.

Kija alikuwa ameshaelewa kabla yangu. Akaniuliza jambo moja tu. "Na wewe ulimjibu nini?"

Alijua tulichojibu. Alitaka nikitamke. Nikakitamka, na kwa masikio yangu nikasikia jinsi Steven alivyokisoma kule Chunya, kwa macho yasiyojali R wala L. Mahali hakuna. Tafuta mwenyewe.

Tulikwenda kwa Masalu pamoja. Sikutuma mtu, na sikuficha. Alikuwa anakamua, akaendelea kukamua huku namweleza, mpaka nikafika kwenye ile padogo. Hapo akaacha. Ndama akaja akanyonya na hakumfukuza. Nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyesoma.

"Uliyesoma ni wewe," akasema. "Aliyejibu ni mimi."

Kesho yake alipanda basi. Mzee yule hakuwahi kufika hata Tunduma, na Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani tu. Alikaa siku kumi na moja. Kija alikuja kila siku kusimama mbele ya ile karatasi, na Ijumaa ilipofika nilipotaka kubandika nyingine alinizuia mkono. Nikaiacha. Ni wiki pekee ambayo karatasi haikubadilika, na hakuna aliyelalamika.

Masalu alirudi na mwanawe. Alimpata Makongolosi, kwenye kibanda cha turubai, kifua kimemkalia na hana nyama mwilini. Kutoka kwenye basi hadi nyumbani alimbeba mgongoni, kijana wa miaka ishirini na tatu, na njia nzima hakukubali kupokewa. Halafu, badala ya kupumzika, akaanza kufyatua tofali. Nyumba kubwa ilikuwa na nafasi, tulimwambia. Akasema mtoto aliomba pake. Kwa siku sita, yeye na jirani zake, Wafipa kwa Wasukuma, wakainua chumba kimoja chenye dirisha linaloangalia zizi. Kilikuwa kidogo, kitanda na kigoda, mtu wa tatu anasimama mlangoni.

Nilikwenda kumwona kwa woga. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba radhi, nikayasahau yote mlangoni. Steven akaninyooshea mkono, akanisalimia shikamoo. Chini ya mto alikuwa na jibu letu, limekunjwa mpaka limechanika kwenye mikunjo. Alisema aliposoma alidhani baba amemaanisha kweli, akaona ni haki yake, maana aliondoka vibaya. Halafu akaniambia, bila kejeli yoyote, "Mwandiko wako mzuri sana, mwalimu." Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi, na sijawahi kulia hivyo hata nilipomzika mama yangu.

Aliishi wiki saba. Baba yake alimlisha kwa mkono wake. Mama yake alimsomea: kila Ijumaa alinakili karatasi yangu kwenye daftari, akaenda kumsomea kitandani pamoja na zile za zamani za kabatini kwangu, na nikaambiwa alikuwa anacheka pale watu walipogombana kuhusu majivu na maharage. Wiki zile saba sikutumia njia ya mkato hata moja. Niliandika mpaka vidole vikauma.

Tulimzika mwezi wa nane mwishoni, upepo wetu ule mkavu unapuliza. Fundi alichonga msalaba na ubao mdogo wa kuandikia. Kija akaniomba maka peni. Nikamwambia nitaandika mimi, nina mazoea. Akatingisha kichwa, akapiga magoti, akaandika taratibu, herufi moja moja, watu wote wakingoja. Alipomaliza akasogea tuone.

MAHARI PA STEVEN.

Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kuichukua kalamu. Kwa mazoea ya miaka yote ile, ulijinyoosha wenyewe.

"Mama Steven," nikaanza.

"Najua," akasema. "Nimeandika kama alivyoandika yeye."

Akanirudishia maka peni. Nikaifunika, nikaitia mfukoni.