Maji ya Mzee wa Wusi

Cheka ukitaka, lakini sikuota. Nilikuwa nimeketi pale, jua la Voi likiwaka dirishani.

Ilikuwa raundi ya mwisho ya mashindano ya sataranji, katika ukumbi wa shule. Atakayeshinda kati yetu wawili angeingia timu ya kaunti. Mpinzani wangu, Mwakio wa Wusi, kule milimani, alikuwa bingwa. Mimi kiwango changu kilikuwa chini mno, tena nilipewa kete nyeusi. Alipoketi alitazama kikombe changu.

"Boss, hiyo chai ubebe. Utaimalizia nyumbani."

Watazamaji wakacheka. Na kweli, haikuchukua muda nikawa nimebanwa kila upande.

Ndipo nikamwona mzee nyuma ya kiti chake. Koti zito la baridi ya milimani, katika joto lile! Mashavu yamefura kama ya mtu aliyejaza maji mdomoni. Kwetu Taita hilo tunalijua: mzee mwenye hasira na mwanawe hupiga funda la maji, akalipuliza nje huku akitamka kwamba hasira imemtoka na mwana amebarikiwa. Ndiyo kutasa. Lakini huyu hakupuliza. Aliyashikilia tu.

Mwakio akanyoosha mkono achukue malkia wake. Hatua ile tu, nami nimekwisha. Mzee akamsukuma kiwiko. Vidole vikaangukia mfalme.

"Umegusa," nikasema. Sheria ni sheria: kete uliyoigusa ndiyo utakayoisogeza.

"Nani amenisukuma?" Akageuka. Hakuona mtu. Mwamuzi pia hakuona mtu. Sasa mimi nilikuwa nikimwona nani?

Mfalme akatoka mafichoni, farasi wangu na ngome zikammaliza. Mwakio aliponipa mkono wa kukubali kushindwa, mzee aliinama juu ya ubao akayapuliza yale maji. Usoni kwangu. Baridi kama ya mtoni, niamini.

"Mbona umelowa?" Mwakio akauliza.

Nikamweleza. Akaketi tena.

"Huyo ni baba. Aliniita tupatane akiwa mgonjwa. Nikamwambia nimalize mashindano ya wakati ule kwanza. Nilifika nikakuta wanachimba kaburi." Akanitazama. "Sasa baraka yangu amekupa wewe."

Nilitaka kumwachia nafasi ya timu, akakataa. Hajagusa kete tena. Mimi nawashinda watu nisiowaweza, na kila nikishinda shavu hulowa. Nimefuta, nimeombewa kanisani, bado.

Kama kuna mzee wako anayekuita, panda mlimani leo. Akifa na maji mdomoni, siku moja atayatoa tu, na huenda aliyeketi mbele yake si wewe.