Ufunguo kwa Jirani

Tangazo liliingia asubuhi, kabla sijamaliza chai: mashine inayolinda mtandao wetu wa ofisi ilikuwa na tundu. Mtu wa nje angeweza kupenya na kujipa madaraka yote. Watengenezaji walitaka tuweke kiraka upesi, kisha tuangalie kama kuna mgeni ndani. Hilo la mgeni ndilo lililonitekenya. Mimi ni mtu wa kuchungulia, mlango ukiachwa wazi lazima niingize kichwa.

Ofisi yetu hapa Lubumbashi hushughulikia karatasi za forodha za malori yanayovuka mpaka wa Kasumbalesa. Nilikata mtandao, nikaweka kiraka, nikaangalia wenye ruhusa ya kuongoza mashine. Nilitarajia kujikuta peke yangu. Tulikuwa wawili, na huyo wa pili alikuwa ameingia jana yake.

Niliogopa, kusema kweli, lakini udadisi ulizidi woga. Huyu ni nani? Anatafuta nini kwetu? Karatasi zetu zinaonyesha lori gani limebeba nini na linaondoka lini, na anayejua hayo anaweza kulisubiri njiani, dereva akiwa ndani.

Patroni wetu, yaani mkuu wa ofisi, mama mwenye sauti ya upole na subira fupi, alikuja kusimama mlangoni kuwasemea madereva waliokwama mpakani.

"Bachauffeur banangojea ku frontière. Fungula ile connexion."

"Maman, uningojee kidogo. Kuko mutu mu machine, sijamujua bado."

Nikampigia fundi aliyenitangulia kazini, ambaye siku hizi amerudi kwao Kilwa, ile ya ziwa Mweru. Simu ilikatika, ikakatika tena, mpaka wenzangu wakaenda kula. Hatimaye akashika, nikamweleza, akacheka.

"Ile compte njo yangu. Niliiachaka juu ukisahau mot de passe, usilale inje. Sawa vile tunaachaka lufungulo kwa voisin."

Kumbe akaunti ya pili ni yake, aliiacha nisije nikafungiwa nje nikisahau neno la siri. Nami nikacheka, mzigo ukanishuka. Kwetu mtaani Katuba ndivyo tunavyoishi: unatoka asubuhi, ufunguo unauacha kwa jirani, mtoto akirudi shule anauchukua. Hata wangu ulikuwa huko saa ile ile. Mkono wangu ulikuwa umeshashika waya wa kurudisha mtandao. Ila sikujizuia kumwuliza, nikimwita yaya kama tunavyowaita wakubwa zetu.

"Yaya, na jana uliingia kutafuta nini?"

"Jana? Miye sijaingia mule tangu nilitoka kazi."

Nikauachia waya. Niliifunga akaunti ile, nikaenda kumwambia patroni kwamba malori yalale Kasumbalesa, penye watu na taa, na yasitoke kwa saa zilizoandikwa. Alinuna. Baadaye alianza kuwapigia madereva mmoja mmoja, yeye mwenyewe.

Jioni nilipita kwa jirani kuchukua ufunguo wangu. Kwa mara ya kwanza nilimwuliza ni nani mwingine anayejua kwamba huwa nauacha kwake.

"Eh, bote banajua," akasema, akaendelea kupepea makaa ya mbabula yake.